Madame, Anza, Tutamaliza

Mimi siwezi kukaa kimya mbele ya mtu anayetafuta neno. Ukisita kidogo tu nitakumalizia, au nitakuanzishia nusu ili umalizie mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hajapata kumaliza sentensi hata moja tangu siku ya harusi. Alisema kwa utani, lakini kila aliposema alitazama chini, nami nilikuwa na haraka mno ya kujiuliza kwa nini. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Lubumbashi kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kutaja, na miaka yote hiyo nimefundisha nikitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani. Walimu wenzangu hukaa kusahihisha madaftari. Mimi nikikaa, miguu inaniwasha.

Shule yetu iko mtaa wa Makomeno: vyumba sita vya matofali chini ya bati, na uwanja wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka uji. Mwenye shule, ambaye huku tunamwita promota, aliingia darasani kwangu asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka wa masomo akiwa na kifurushi cha kadi kwapani.

"Madame," akasema, "bazazi banataka Anglais. Kuanzia première. Kama hatufundishe, bataenda fasi ingine."

"Na Kiingereza cha darasa la kwanza nani atafundisha?"

"Ni Madame mwenyewe. Hapana mwingine mwenye anaisikia."

Ilikuwa kweli. Kiingereza changu nilikiokota Ndola na Kitwe, ng'ambo ya mpaka huko Zambia, nikiwa msichana nikimfuata mama yangu aliyekuwa akiuza vitenge, mwanamke wa Kasai asiyejua kurudi nyumbani na mzigo. Baadaye nilikinyoosha kwa vitabu. Nikapokea kadi, nikamwambia promota aniongezee chaki, akatoka haraka kabla sijaongeza ombi la pili.

Herufi moja moja hazikunisumbua. Watoto walikuwa wakijifunza kusoma Kifaransa wakati huohuo, na Kiswahili walikuja nacho kutoka nyumbani. Kilichonisumbua ni zile herufi zinazotembea mbilimbili: s na h, c na h, t na h, e mbili, o mbili. Mtoto wa miaka sita ameshajua s inasema nini, ameshajua h inasema nini, halafu unamwambia kwamba zikikaa pamoja zinaacha sauti zao za zamani na kutoa sauti moja mpya. Anakutazama kama mtu aliyeuziwa unga wenye mchanga. Na tena c na h kwa Kifaransa zinasema hivi, kwa Kiingereza zinasema vile, kwa hiyo jambo nililomwapia saa mbili ninalikana saa nne.

Nikabuni mchezo. Watoto wawili niliwabandika kadi kifuani, mmoja s, mwingine h. Wakisimama mbalimbali, kila mmoja alitoa sauti yake. Kisha niliwafunga wote wawili ndani ya kitenge kimoja, vichwa viwili juu na miguu minne chini, wakalazimika kutembea pamoja mbele ya ubao wakitoa sauti moja tu: shhh. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kwa t na h nilileta kioo cha mkononi, ili kila mmoja auone ulimi wake ukichungulia kati ya meno, maana sauti hiyo huku kwetu hatuna. Mtu wa Lubumbashi anasema samani pale mtu wa pwani anaposema thamani, na sijasikia aliyekosa mteja kwa sababu hiyo.

Lakini kusoma kwenyewe nilikufundisha jinsi nilivyofundishwa mimi, na jinsi kila mtu katika mji huu anavyofundisha, anavyohubiri na anavyouza. Mkubwa anaanza neno, anainua sauti, anaacha, na wengine wanamalizia. Mhubiri anasema, "Mungu ni mu..." na kanisa zima linajibu, "...kubwa!" Mwalimu wa hesabu anasema, "Mbili na mbili ni i..." na anapewa "...ne!" Hata muuza dawa ya panya sokoni anaanza, "Panya atakuf..." na wapita njia wanamsaidia bila kununua. Basi nami nilikuwa nikigusa kadi kwa fimbo na kusema, "Fi..." na watoto arobaini na wawili wanapiga kelele, "...sh!" "Sho..." "...p!" Darasa letu lilisikika mpaka barabarani. Promota alikuwa akileta wazazi wasimame dirishani wasikie watoto wanavyosoma Kiingereza. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Katikati ya wale arobaini na wawili alikuwamo mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alivuka kwenda Kitwe kufanya biashara ileile ya mama yetu, akapata kibanda sokoni, akapata chumba, akabaki. Msichana wake alikuwa na miaka mitatu. Nikamchukua mimi, kwa kuwa nilikuwa mjane na watoto wangu walikwisha kuoa na kuhama, na nyumba yangu ya Annexe, pembeni mwa mji, yenye kijishamba cha mahindi nyuma, ilikuwa na nafasi zaidi ya watu. Nyumbani aliniita Mama mukubwa, kama inavyompasa kumwita dada mkubwa wa mama yake. Shuleni aliniita Madame. Hakuchanganya hata siku moja, na alikuwa akinipigia saluti ndogo ya macho tukiingia getini, kama kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Mwezi wa kumi ulipoanza, mdogo wangu akapiga simu. Amepata shule nzuri Kitwe, masomo yote kwa Kiingereza, na wanaweza kumpokea mtoto Januari katika darasa la watoto wa umri wake. Sharti moja tu: mwalimu mkuu wa kule atamsikiliza kwa simu ya picha, asome ukurasa mmoja ambao hajawahi kuuona. Siku ilikwisha kupangwa, wiki sita mbele.

"Yaya, akishindwa, abakie na weye mwaka mumoja tena," akasema; Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Sipende aanze na batoto badogo. Batamuchekelea."

"Huyu mutoto anasoma kupita bote," nikamjibu. "Usiogope kintu."

Nilipokata simu nikakuta nina hasira, wala sikujua na nani. Nikatoka nje nikapanga upya makala, yaani makaa ya kupikia, ambayo yalikuwa yamepangwa vizuri. Nilitaka mtoto aende kwa mama yake, nani asingetaka? Nilitaka pia abaki. Miaka mitatu nimemsuka nywele, nimemlaza na homa, nimemsikia akiimba chooni. Mambo hayo mawili niliyataka kwa pamoja na kwa nguvu sawa, na kwa wiki sita sikupata usingizi wa maana wala kiti cha kukalia.

Siku chache baadaye niliamka sina sauti. Ni mwezi wa joto na vumbi, mvua haijaja, na mwalimu anayepiga kelele tangu saa moja na nusu lazima siku moja koo limdai. Nilikwenda shuleni hivyohivyo. Nikasimama mbele, nikagusa kadi kwa fimbo, kadi ya samaki ambayo walikuwa wameipigia kelele kwa majuma.

Kimya.

Nikagusa tena. Ndipo nikaona kwamba hakuna hata jicho moja lililokuwa kwenye kadi. Macho yote yalikuwa kwenye uso wangu, kwenye mdomo na kidevu. Nikainua kidevu kuwahimiza, kama ninavyofanya siku zote, na mara hiyo wakalipuka: wengine "...p!" wengine "...sh!" wengine "...ck!" kila mmoja na bahati yake. Kisha wakanyamaza, wakiniangalia kwa wema. Mtoto mmoja wa benchi la pili akaniona ninavyohangaika, akanihurumia.

"Madame, anza," akasema. "Tutamaliza."

Nilishika meza. Walikuwa hawajui kusoma. Hakuna hata mmoja. Majuma yote yale hawakuwa wakisoma kadi, walikuwa wakinisoma mimi, na walinisoma vizuri sana, maana nilikuwa nimewapa nusu ya kila neno na kidevu cha kuwaonyesha wakati wa kupiga kelele. Wazazi waliosimama dirishani walikuwa wamesikiliza sauti yangu ikirudi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na kwa kuwa sikuwa na sauti ya kumgombeza mtu, ilinibidi nijigombeze mwenyewe ndani kwa ndani.

Nikaenda nyumbani kwa miguu, mwendo wa kukimbia nusu, mtoto akirukaruka nyuma yangu na mkoba. Tulipofika nikachukua chaki, nikaandika neno moja kwenye mlango wa jikoni, shop, nikajifunga kitambaa cha kichwa usoni mpaka chini ya macho. Nikamwonyesha: soma.

Aliangalia mlango. Aliniangalia mimi. Akaja taratibu, akashika ncha ya kitambaa.

"Mama mukubwa, toa hii kwanza, nisome."

Huyu ndiye niliyekuwa nimemwambia mama yake kwamba anapita wote. Na kweli alipita wote, kwa kumaliza. Alikuwa akinimalizia sala ya chakula, akinimalizia maneno ninayowatupia kuku, akinimalizia hata malalamiko yangu juu ya umeme. Watoto wengine walikaa na kidevu changu saa tano kwa siku. Yeye alikuwa akila nacho na kuamka nacho.

Sauti iliporudi, nikahamia nyuma ya darasa. Uamuzi wenyewe ni rahisi kusimulia. Siku ya kwanza watoto arobaini na wawili waligeuza shingo kunifuata, nikawa ninasema, "Angalieni ku tablo!" nao wanaangalia ubao kidogo, halafu shingo moja inarudi, halafu ya pili, halafu zote. Nikamwita mmoja aguse kadi kwa fimbo, mimi nikabaki nyuma na kunyamaza. Kunyamaza! Nilikuwa ninanunua pipi ngumu na kuweka moja mdomoni kila somo linapoanza, ili ulimi uwe na kazi nyingine. Nilimaliza pakiti nzima wiki ya kwanza. Mtoto anasimama mbele ya kadi, anatafuta, anahema, anakuna mguu kwa mguu mwingine, na neno liko hapohapo mbele ya pua yake, na mimi huku nyuma nimeshika magoti yangu mwenyewe.

Promota akachungulia mlangoni.

"Madame, kalasi yenu iko mugonjwa? Siku ingine niko nawasikia mpaka ku bureau."

"Siku ingine hawakuwa banasoma," nikamwambia. "Hata leo habasome. Njo maana kuko kimya."

Akavuta mlango, akaenda zake. Nilijua nimejitafutia maneno, na wiki hiyo wazazi hawakuletwa dirishani.

Wa kwanza kusoma peke yake alikuwa msichana mpole wa benchi la mwisho, ambaye katika kelele zetu sikuwa nimewahi kutofautisha sauti yake. Alisimama mbele ya kadi muda ambao kwangu ulikuwa kama misa mbili. Kisha akasema, polepole, "Ch... i... ck." Akaangalia nyuma kunitafuta, si kuomba, bali kuona kama nimesikia. Nilimeza pipi nzima. Baada yake wakaja wengine, mmojammoja, bila utaratibu, wengine leo wanajua na kesho hawajui.

Msichana wangu hakuwamo. Wiki ya pili ikaisha hakuwamo. Darasani alikuwa akisubiri wenzake wamalize, na nyumbani akinitazama juu ya kitambaa, maana hata macho alikuwa ameshajifunza kuyasoma. Nilipoweka neno lenye oo, nyusi zangu zilipanda bila ruhusa yangu, na yeye akasema "moon" kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nikatupa kitambaa chini. Akadhani nimemkasirikia, akalia, nikalia na mimi, tukala bukari, ugali wetu wa huku, iliyopoa.

Wiki ya tatu nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mvua ilianza. Nikamwambia mtoto, "Leo pumzika, masomo yametosha," nikamchukua shambani nyuma ya nyumba kupanda mahindi. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Siku nne mfululizo alikuwa akitupia punje tatutatu kwenye mashimo niliyochimba, akicheka, miguu myekundu mpaka magotini. Mahindi yale ningeweza kuyapanda peke yangu jioni moja. Nilijua ninachokifanya. Kila nilipopiga jembe nilikuwa nikisema moyoni: mwaka mmoja tu, mwaka mmoja si kitu, mama yake mwenyewe alisema abaki. Na nilikuwa na furaha, hilo ndilo baya zaidi.

Siku ya tano nilirudi kutoka bombani na ndoo, nikamkuta amechuchumaa kwenye udongo uliolowa, mgongo kwangu. Alikuwa ameandika kwa kidole neno ambalo ni lazima alilibeba kichwani kutoka shuleni: teeth. Kisha akazungushia duara zile e mbili, na duara lingine t na h za mwisho. Nikajua anafanya nini. Alikuwa anazifunga kitenge. Kwanza anatafuta waliofungwa pamoja, anawawekea nguo yao, halafu ndipo anaanza kusoma kutoka mwanzo. Hakuna aliyemfundisha kuanza hivyo. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni, anajisikilizia sauti ndani ya mkono. Alikosea. Akafuta kwa kisigino. Akaandika tena.

Maji yalinimwagikia miguuni kabla sijakumbuka kuitua ndoo. Mtoto alikuwa anafanya kazi, na mimi mwalimu nilikuwa nimemfungia mlango. Nikamwambia anawe mikono, nikamwekea kadi zote mezani, nikamkalisha nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, asiuone uso wangu wala mimi nisiuone wake. Tukawa tunasoma hivyo kila alasiri mpaka siku ilipofika. Kwa mgongo nilikuwa nikimsikia anapovuta pumzi kabla ya neno. Wakati mwingine neno lilikuja, wakati mwingine halikuja, na siwezi kusema kwamba nilikuwa na hakika.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jirani alituazima simu yake ili ukurasa utumwe humo wakati uleule, asiuone mtu kabla. Simu yangu nilishika mimi, nikiwa nimesimama mbele ya mtoto, kamera ikimwelekea. Kwenye kioo walikuwamo mdogo wangu, amevaa kitambaa chake cha kanisani, na kando yake mwalimu mkuu wa Kitwe, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Mtandao ulikatika mara mbili, wakarudi. Picha ya ukurasa ikaingia kwenye simu ya jirani, mkononi mwa mtoto. Nilijilazimisha nisiutazame.

Mtoto akaanza. "The... fish... is... in... the... dish." Alikuwa akipitisha ukucha kwenye kioo, akizungushia herufi mbili hewani kabla ya kila neno. Mstari wa pili akaenda. Mstari wa tatu akasimama.

Mdogo wangu aliweka mkono kinywani. Na mtoto akainua macho juu ya simu, moja kwa moja, akatafuta kidevu changu.

Nilikuwa nimeshaliona neno, maana nilishindwa kujizuia, nikalichungulia kichwa chini miguu juu: three. Ningeinua kidevu upana wa ukucha tu, angelijua. Mama yule wa miwani asingeona, kamera haikuwa kwangu. Nikakaza shingo. Na hapohapo, katika kukaza, nikasikia ndani yangu ile sauti ya shambani: nyamaza tu, mwaka mmoja si kitu. Nilikuwa ninafanya jambo la haki, lililokuwa pia jambo nililolitaka mimi, na sikuweza kuyatenganisha. Mpaka leo siwezi. Nilisimama pale kama mti, jasho linanitoka, na ningeapa mbele ya yeyote kwamba sikujua ninamwombea nini.

"Mama mukubwa," akasema mtoto, kwa adabu, "geuka."

"Nini?"

"Weka telefone pa meza. Geuka ku mur."

Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari. Nikageukia ukuta. Uso wangu ulikuwa karibu kabisa na kalenda ya mwaka uliopita, na nyuma yangu nilisikia pumzi ikivutwa, ndefu, ile niliyoizoea mgongoni. Nikasikia ulimi ukitafuta meno. Nikasikia sauti ambayo mji huu hauna.

"Th... r... ee. Three."

Akaendelea. Hakukimbia. Alikosea neno moja karibu na mwisho, akalirudia mwenyewe, akalipata. Mwalimu wa Kitwe akampigia makofi peke yake, akasema atamtarajia Januari na wenzake wa umri wake. Mdogo wangu alikuwa analia na kucheka, anasema asante Yaya, asante Yaya, nami nikageuka, nikasogea mbele ya simu, nikasema hapana shaka, mtoto wetu ana akili, machozi yakinitiririka. Wote wawili kule Kitwe wakadhani ni ya furaha. Yalikuwamo ya furaha.

"Yaya, sasa utamuleta lini?" mdogo wangu akauliza. "Mwenyewe niko tayari hata wiki yenye kuya."

"Tungoye kidogo," nikasema. "Karatasi yake ya kupita kule komini haiyatoka. Bako bananichelewesha. Labda kiisha fêtes za Noeli."

Yalitoka laini, bila hata kukwama. Karatasi ile ya ruhusa ya mtoto kusafiri nilikuwa nimepewa komini, ofisi ya manispaa, siku kumi zilizopita, na muhuri wake.

"Aa, hawa ba komini," akasema mdogo wangu, akaamini.

Mtoto hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amelewa kusoma. Alisoma maandishi ya kopo la sukari, akasoma pakiti ya sabuni, akataka zaidi. Akavuta kutoka rafuni kaye yangu, daftari la maandalizi, anakojua ninaandika maneno ya Kiingereza ya wiki, akaifungua mbele ya simu ili mama yake amsikie tena. Karatasi yenye muhuri ikateleza kutoka katikati, nilikoificha, ikaanguka mezani. Akaiokota. Ilikuwa ya Kifaransa, haikumtisha. Akaweka kidole, akatafuta kwanza zilizofungwa pamoja, kisha akaanza, kwa sauti kubwa na safi, silabi kwa silabi, mpaka akafika kwenye jina lake mwenyewe, akafurahi, na jina la mama yake, na neno Zambie, na tarehe ya siku kumi zilizopita.

Alipomaliza aliinua uso, akisubiri sifa. Kwenye simu mdogo wangu alikuwa ameacha kulia. Alinitazama, mtu ambaye nimemmalizia sentensi zake tangu akiwa na miaka miwili, na safari hii alisubiri niseme mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Nitamuleta wiki yenye kuya, samedi," nikasema.